Galileo wa Brecht: tamthilia moja iliyoandikwa mara tatu

Papa Urban VIII anavalishwa. Katika Maisha ya Galileo, tamthilia ya Mjerumani Bertolt Brecht, kuna onyesho zima ambalo kwa macho halina tukio jingine zaidi ya hilo. Mwanzoni Papa ni mtu tu aliyesimama na nguo za ndani, msomi anayeifahamu hisabati vizuri, na Kadinali anayesimamia baraza la kuchunguza uzushi anapomtaka aruhusu Galileo abanwe, anakataa katakata. Hapana, hapana, hapana. Mazungumzo yanaendelea, na mavazi yanaendelea kuongezeka, joho juu ya joho. Nje zinasikika nyayo za watu wengi wanaomsubiri. Mwisho wa onyesho aliyesimama jukwaani ni Papa kamili, na jibu lake limebadilika: kikubwa kinachoweza kufanyika ni kumwonyesha Galileo vyombo vya mateso. Kadinali anaridhika. Hilo litatosha, anasema, maana Bwana Galilei ni mjuzi wa vyombo.

Brecht hakuhitaji hotuba kutueleza jinsi cheo kinavyommeza mwenye cheo. Alihitaji nguo na watu wa kumvalisha mtu.

Nimeanza na onyesho hili kwa sababu Brecht ni mmoja wa waandishi wanaojulikana zaidi kwa maneno yanayosemwa juu yao kuliko kwa kazi zao. Mwanafunzi wa fasihi hukutana naye akiwa amefungwa ndani ya istilahi mbili tatu za kukariri kwa ajili ya mtihani: alikuwa mkomunisti, aliwakataza watazamaji wasilie, alivunja ukuta baina ya jukwaa na hadhira. Yote hayo yana ukweli ndani yake, na yote yakisemwa hivyo yanapotosha. Njia ninayoiamini ya kumwelewa ni kuifuata tamthilia hii moja, kwa sababu aliiandika Denmark mwaka 1938, akaiandika upya Marekani kati ya 1944 na 1947, kisha akairudia tena Berlin katika miaka yake ya mwisho. Mhusika ni yuleyule na kisa ni kilekile. Kilichobadilika ni hukumu.

Swali la ngano

Alizaliwa Augsburg, kusini mwa Ujerumani, tarehe 10 Februari 1898. Baba yake alianza na ukarani katika kiwanda cha karatasi akapanda hadi ukurugenzi, kwa hiyo kijana hakukulia katika dhiki. Alijiandikisha kusomea udaktari Munich, na katika miezi ya mwisho ya Vita vya Kwanza vya Dunia akapangiwa kuhudumu katika hospitali ya jeshi mjini kwao. Mwaka huohuo wa 1918 alitunga shairi kuhusu askari aliyekufa: maiti inafukuliwa, daktari wa jeshi anaipima, anaikuta bado inafaa kupigana, na inarudishwa vitani kwa shangwe na muziki. Wanazi hawakulisahau shairi hilo.

Akiwa na umri wa miaka 24 tamthilia yake Ngoma Usiku ilionyeshwa Munich, na ndani ya ukumbi kukatundikwa mabango, mojawapo likiwaambia watazamaji waache kukodoa macho ya kimahaba. Mwaka huo, 1922, alipata Tuzo ya Kleist, tuzo ya fasihi ya Ujerumani. Miaka miwili baadaye alihamia Berlin moja kwa moja.

Wengi hudhani kwamba Brecht aliingia katika siasa kupitia chama au kupitia mikutano ya hadhara. Aliingia kupitia ngano. Katikati ya miaka ya 1920 alitaka kuandika tamthilia kuhusu soko la nafaka la Chicago, ambako bei ya mkate wa mamilioni ya watu hupandishwa na kushushwa na wachache. Akatafuta mtu wa kumweleza soko lile linavyofanya kazi. Akawauliza wataalamu wa uchumi, akawauliza wafanyabiashara wenyewe, na hakuna aliyempa maelezo yanayoeleweka. Tamthilia haikukamilika. Badala yake akaanza kumsoma Karl Marx, na baadaye akasema kwamba ni hapo tu alipoanza kuzielewa hata tamthilia alizokwisha kuziandika mwenyewe.

Kwangu hili ndilo jambo la kwanza la kushika juu yake. Siasa yake ilitokana na shida ya kikazi. Mtunzi alikuwa amekaa mezani, anataka mhusika wake afilisike, na hajui ni nini hasa kinachomfilisi. Kumwandika mtu mwenye njaa analia ni kazi rahisi. Kuonyesha kwa nini mkate umepanda bei wakati maghala yamejaa kunahitaji jukwaa la namna nyingine kabisa.

Jukwaa hilo alilijenga hatua kwa hatua. Opera ya Senti Tatu, iliyofunguliwa Berlin tarehe 31 Agosti 1928 kwa muziki wa Kurt Weill, ilimpa umaarufu na fedha. Chanzo chake kilikuwa tamthilia ya Kiingereza ya John Gay ya mwaka 1728, na aliyeigundua na kuifasiri kwa Kijerumani ni Elisabeth Hauptmann, msaidizi wake. Jina la Hauptmann linastahili kutajwa wazi, na pia la Margarete Steffin, binti wa wafanyakazi wa Berlin, aliyekuwa na kifua kikuu, aliyejifunza lugha kadhaa kwa juhudi zake na kushiriki katika kazi nyingi za uhamishoni, Galileo ikiwemo. Na pia la Ruth Berlau wa Denmark. Brecht alifanya kazi akiwa na watu wengi mezani, akachukua mawazo yao bila kusita, lakini jina kubwa juu ya jalada likabaki lake. Mtu aliyeandika maisha yake yote kuhusu nani anafanya kazi na nani anavuna alikuwa na deni hapo, na hakulilipa ipasavyo.

Shahidi wa ajali

Sasa ile mbinu inayosumbua wanafunzi. Kwa Kijerumani huitwa Verfremdung, yaani kukifanya kitu tulichokizoea kionekane kigeni ili tukitazame upya. Maelezo bora zaidi aliyatoa Brecht mwenyewe kwa mfano wa barabarani. Ajali imetokea. Mtu aliyeishuhudia anawaeleza waliofika baadaye jinsi dereva alivyokuwa akiendesha na jinsi mpita njia alivyogongwa. Anaigiza kidogo: dereva aligeuza kichwa hivi, mzee alikuwa anatembea hivi. Hajifanyi kuwa ni yule mzee. Wala hatafuti watu waangue kilio. Anachotaka ni wasikilizaji waweze kuamua nani alikosea, na je, ajali ingeweza kuepukika. Akikatizwa na mtu akisema “hapana, alitangulia mguu wa kushoto,” anasimama, anarekebisha, anaendelea.

Hiyo ndiyo tamthilia aliyoitaka. Neno la Kijerumani alilolitumia, episch, huvuta fikra zetu kwenye tendi na mashujaa, lakini alichokusudia kilikuwa usimulizi: jukwaa linalosimulia tukio lililokwisha kutokea, huku msimulizi akiwa bado yupo na ana akili zake. Ndiyo maana maonyesho yake hutanguliwa na maandishi yanayotaja kitakachotokea. Ukishajua kwamba Galileo atakana, huna haja ya kukaa na roho juu ukingoja atafanya nini. Unabaki huru kuangalia anafikaje hapo. Ndiyo maana taa huachwa zionekane, na nyimbo huingia kati na kukata mtiririko.

Je, alikataza machozi? Zürich, Aprili 1941, Mama Courage na Watoto Wake ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, watazamaji walimlilia yule mama mchuuzi anayeburuta gari lake nyuma ya majeshi na kupoteza watoto wake wote watatu. Brecht, aliyekuwa mbali uhamishoni, alisoma tahakiki zilizomsifu mama kwa uvumilivu wake, akarekebisha baadhi ya maonyesho ili ionekane wazi zaidi kwamba Courage anaishi kwa vita na ana sehemu yake katika msiba wake. Lakini Helene Weigel, mke wa Brecht, alipoicheza Berlin mwaka 1949, kuna mahali anasikia risasi zinazomuua mwanawe ambaye ameshindwa kumkomboa kwa sababu alikaa akipunguza bei. Weigel aligeuza kichwa, akafungua kinywa chote, na hakutoa sauti yoyote. Ukumbi uliokuwa na watu waliotoka vitani miaka minne tu nyuma hauwezi kuangalia hilo bila kuguswa, na Brecht alilijua. Hakupiga vita hisia. Alipiga vita kilio kinachomaliza jambo, kile ambacho mtu akishakitoa hujiona ametimiza wajibu wake na kwenda kulala.

Ujanja wa mtoro

Bunge la Ujerumani liliteketea kwa moto usiku wa tarehe 27 Februari 1933. Kesho yake Brecht na familia yake wakaondoka kuelekea Prague. Mwezi Mei vitabu vyake vilikuwa miongoni mwa vilivyochomwa hadharani, na mwaka 1935 akavuliwa uraia. Walitua Denmark, karibu na mji wa Svendborg, katika nyumba iliyoezekwa kwa nyasi ufukweni. Rafiki yake Walter Benjamin, aliyemtembelea huko, ameacha kumbukumbu ya chumba chake cha kazi: juu ya boriti kuna maneno yasemayo ukweli ni kitu cha kushikika, na dirishani kuna punda mdogo wa mbao mwenye kibandiko shingoni, “Hata mimi lazima nielewe.” Nikisoma ukurasa wa Brecht unaonichanganya, humkumbuka punda huyo, nikajua kwamba mwandishi naye alimkumbuka.

Katika chumba hicho, Novemba 1938, aliandika Galileo ya kwanza kwa takriban wiki tatu. Wakati ule Hitler alikuwa ameshaimeza Austria na sehemu ya Chekoslovakia, na wengi waliona ufashisti hauzuiliki tena. Ndani ya Ujerumani kulikuwa na watu waliobaki, waliokuwa wamesaini kila karatasi waliyotakiwa kusaini, na bado wengine wao walikuwa wakipitisha habari kwa siri. Miaka michache kabla, Brecht alikuwa ameandika makala kuhusu matatizo matano ya mtu anayetaka kuandika ukweli: awe na ujasiri wa kuuandika, busara ya kuutambua, ustadi wa kuufanya silaha, uamuzi wa kuchagua mikono ya kuukabidhi, na ujanja wa kuusambaza. Galileo wa 1938 ni mtu wa tatizo la tano.

Kisa chenyewe ni cha historia. Galileo Galilei alielekeza darubini angani kuanzia mwaka 1609, akaona miezi inayoizunguka Jupita, ushahidi kwamba si kila kitu angani kinaizunguka dunia yetu. Mwaka 1633 Kanisa lilimlazimisha aikane hadharani imani kwamba dunia huzunguka jua. Akaishi miaka iliyobaki akiwa kizuizini nyumbani kwake karibu na Florence, na kitabu chake kikubwa cha mwisho kikachapwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638.

Brecht anaijaza habari hiyo kwa watu. Yupo Andrea, mtoto wa mtunza nyumba, ambaye Galileo anamfundisha mzunguko wa dunia kwa kiti na beseni la kuogea. Yupo mtawa mdogo, mwanafizikia, anayetaka kuacha elimu ya anga kwa sababu ya wazazi wake. Onyesho la mtawa huyu ni kati ya mambo mazuri aliyowahi kuandika. Wazazi wake ni wakulima maskini. Migongo imepinda, kila mwaka wanaparura udongo uleule, na kinachowapa nguvu ya kupanda kilima na kapu ni imani kwamba jicho la Mungu liko juu yao na kwamba dunia nzima imejengwa kama jukwaa kwa ajili yao. Mtawa anauliza, watasema nini nikiwaambia kwamba wako juu ya kijiwe kidogo kinachozunguka katika utupu, na kwamba njaa yao haina maana yoyote, ni kutokula tu? Brecht hakubaliani na mtawa, na bado anampa maneno mazito kuliko ya mtu mwingine yeyote jukwaani. Galileo anamjibu kwa hasira ya upendo: wazazi wako wanalipia vita vya wakubwa, na mimi naona subira yao ya kimungu, lakini iko wapi hasira yao ya kimungu?

Siku ya kukana, wanafunzi wanasubiri. Kengele ya Mtakatifu Marko ikilia, mwalimu wao amekana. Muda uliotajwa unapita kimya, wanakumbatiana kwa furaha. Kisha kengele inalia. Galileo anapoingia, Andrea hawezi kumtazama. Ole wake nchi isiyo na mashujaa, analia kijana. Na Galileo anajibu: hapana, ole wake nchi inayohitaji mashujaa.

Miaka inapita. Andrea anamtembelea mzee aliyefungiwa nyumbani na kugundua kwamba amekuwa akiandika kwa siri, usiku, mpaka macho yakaharibika, na nakala imefichwa ndani ya tufe la dunia. Mswada unavuka mpaka. Katika toleo la 1938 hapo ndipo penye faraja: mzee alipiga magoti, lakini alipiga magoti ili mkono ubaki huru kuandika.

Kulipokucha baada ya Hiroshima

Brecht alizidi kukimbia: Sweden mwaka 1939, Finland mwaka 1940, kisha Mei 1941 kupitia Umoja wa Kisovyeti kwa treni ya Siberia. Steffin alishindwa kuendelea na safari. Alifia Moscow tarehe 4 Juni, huku Brecht akiwa ndani ya treni. Meli ikawafikisha California Julai 1941. Huko Hollywood aliishi kwa kujaribu kuuza maandiko ya filamu, na hakuipenda kazi hiyo.

Kilichomwokoa ni mwigizaji Mwingereza Charles Laughton. Tangu mwisho wa 1944 wawili hao waliitengeneza Galileo kwa Kiingereza, kazi ya kushangaza kwa kuwa Laughton hakujua Kijerumani na Kiingereza cha Brecht kilikuwa cha kuombea maji. Walitafsiriana kwa matendo: Brecht anaigiza sentensi, Laughton anaitafutia maneno, anaigiza, wanarudia mpaka mwili na maneno vikubaliane.

Walikuwa katikati ya kazi hiyo bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945. Brecht aliandika kwamba mara moja, kati ya leo na kesho, maisha ya mwanzilishi wa fizikia mpya yakawa yanasomeka tofauti. Aliwatazama watu wa Los Angeles, makondakta wa mabasi na wanawake wa masoko ya matunda, akaona hofu tupu nyusoni mwao. Ulikuwa ushindi, aliandika, lakini wenye aibu ya kushindwa.

Hebu tufikirie kilichotokea ndani ya tamthilia. Mwaka 1938 swali lilikuwa: je, ukweli utanusurika? Sasa ukweli wa wanafizikia ulikuwa umenusurika vizuri sana. Ulikuwa umelelewa, umelipiwa, umewekewa ulinzi wa jeshi, na umekuwa bomu. Mswada uliovuka mpaka haukuwa faraja tena. Kwa hiyo katika toleo la pili Andrea anapomsifu mzee kwa ujanja wake, Galileo anamkatiza. Anajishitaki. Anasema alikuwa na nafasi ya pekee, kwa kuwa wakati wake elimu ya nyota ilikuwa imefika hadi masokoni. Kama mtu mmoja angesimama imara pale, wanasayansi wangeweza kuwa na kiapo chao kama cha madaktari, cha kuitumia elimu kwa faida ya binadamu tu. Badala yake aliwakabidhi wenye mamlaka maarifa yake wayatumie watakavyo. Sasa, anasema, tunachoweza kutarajia ni kizazi cha vibete wavumbuzi wanaoweza kukodiwa kwa kazi yoyote. Na siku moja shangwe yenu ya ugunduzi mpya itaitikiwa na ulimwengu wote kwa yowe la hofu.

Kisa ni kilekile, na mswada bado upo ndani ya tufe. Lakini mtu aliyetoka uhamishoni Denmark kama mjanja anayefaa kuigwa alitoka California akiwa mshitakiwa anayekubali kosa. Sijui tamthilia nyingine ambamo tukio moja la nje liligeuza hatia ya mhusika kwa namna hii bila kugusa kisa.

Onyesho la kwanza la toleo hilo lilifanyika Beverly Hills tarehe 30 Julai 1947, joto likiwa kali. Laughton alitaka malori ya barafu yaegeshwe kando ya kuta za ukumbi na feni ziwashwe, ili, kwa maneno yake, watazamaji waweze kufikiri.

Siku ya Brecht mwenyewe

Miezi mitatu baadaye, tarehe 30 Oktoba 1947, Brecht aliitwa Washington mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti katika filamu. Mashahidi kumi wa Hollywood waliomtangulia walikataa kujibu swali kama ni wanachama wa chama cha kikomunisti, wakaishia gerezani. Brecht, mgeni asiye na uraia, alijibu. Alivuta sigara yake kubwa na kusema kwamba hajawahi kuwa mwanachama, jambo ambalo kwa kumbukumbu zilizopo lilikuwa kweli. Aliposomewa tafsiri ya Kiingereza ya shairi lake la kimapinduzi na kuulizwa kama ni lake, alisema hapana, yeye aliandika shairi la Kijerumani, na hilo ni tofauti sana na hili. Mwenyekiti alimshukuru, akasema ni mfano mzuri. Kesho yake Brecht alipanda ndege kwenda Paris. Galileo ilipofunguliwa New York mwezi Desemba, mtunzi wake hakuwepo.

Je, alikana? Sidhani. Hakumtaja mtu yeyote kwa ubaya, wala hakulaani alichokiamini. Lakini alifanya alichofanya Galileo wake wa kwanza: aliwapa wakubwa maneno waliyotaka kuyasikia na akaondoka na miswada yake salama. Na hilo alilifanya wakati tayari amekwisha kuandika Galileo wa pili, anayesema kwamba njia hiyo haitoshi.

Jaribio gumu zaidi lilimngoja kwao. Alifika Berlin Mashariki mwishoni mwa 1948, na mwaka uliofuata yeye na Weigel wakaanzisha kikundi cha Berliner Ensemble kwa fedha za serikali mpya ya kijamaa. Tarehe 17 Juni 1953 wafanyakazi waliingia mitaani baada ya viwango vya kazi kupandishwa kwa asilimia kumi. Vifaru vya Kisovyeti viliwazima. Brecht alimwandikia barua Walter Ulbricht, kiongozi wa chama, akitaja haja ya mazungumzo makubwa na wananchi juu ya mwendo wa ujenzi wa ujamaa, na kumalizia kwa sentensi ya kuonyesha mshikamano na chama. Gazeti la chama lilichapa ile sentensi ya mwisho peke yake. Ikasomeka kama mtu aliyeshangilia vifaru.

Kiangazi hicho alitunga shairi fupi. Baada ya maandamano, linasema, katibu wa Umoja wa Waandishi aligawa vipeperushi kuwaambia wananchi kwamba wamepoteza imani ya serikali. Shairi linauliza: isingekuwa rahisi zaidi serikali ikiwavunja wananchi na kujichagulia wengine? Alilifungia. Halikuchapwa akiwa hai. Lilikuwa mswada ndani ya tufe, na safari hii aliyeuficha hakuwa mhusika wake.

Hapo ndipo msomaji wa Kiswahili huweza kumkumbuka Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, tamthilia ya mwaka 1969, na naamini ulinganisho huu unasaidia kumwona Galileo vizuri zaidi. Hussein alikuja kusoma Berlin Mashariki miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Humboldt, akafanyia udaktari wake maendeleo ya sanaa za maonyesho Afrika Mashariki. Lakini Kinjeketile alikuwa ameshaandikwa kabla ya safari hiyo, na mwishoni mwake kuna mtu aliye mikononi mwa Wajerumani wa wakati mwingine, watawala wa kikoloni, naye anatakiwa aseme neno moja tu: kwamba maji yalikuwa uongo. Kinjeketile anajua maji hayakuzuia risasi. Angesema hivyo angesema kweli. Anakataa, kwa sababu anaona neno lake litatumiwa kuwaambia watoto na wajukuu kwamba hata kupigania uhuru kulikuwa kosa. Galileo anakana ukweli ili aishi. Kinjeketile hakubali kuusema ukweli wa kipande kidogo ili ukweli mkubwa usife. Ukiwaweka wawili hawa pamoja unagundua kwamba kukana hakupimwi kwa usahihi wa maneno. Hupimwa kwa kuuliza nani anayangoja maneno hayo, na atayafanyia nini.

Mazoezi ya mwisho

Desemba 1955 Brecht alianza mazoezi ya toleo la tatu na Berliner Ensemble. Kwa Kijerumani alirudisha sehemu ya lile la Denmark, lakini hukumu ya California aliibakiza. Galileo alichezwa na Ernst Busch, mwigizaji na mwimbaji aliyewahi kuwaimbia wapiganaji wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania na kufungwa na Wanazi. Mikanda ya sauti ya mazoezi hayo imehifadhiwa, na ndani yake Brecht anasikika akicheka, akibishana, akirudia jambo dogo mara kwa mara. Hakutaka Galileo achezwe kama mzee wa kuhurumiwa mwishoni. Alitaka tuone mtu mwenye akili kubwa kuliko wote, mwenye kupenda chakula kizuri na mawazo mapya kwa tamaa ileile moja, na kwamba tamaa hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye darubini na ndiyo iliyomfanya aviogope vyombo vya mateso.

Majira ya kuchipua ya 1956 maradhi yalimwondoa mazoezini. Alifariki Berlin tarehe 14 Agosti mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 58, akazikwa katika makaburi yaliyopakana na nyumba yake, hatua chache kutoka kaburi la mwanafalsafa Hegel. Erich Engel alikamilisha kazi, na pazia likafunguliwa Januari 1957.

Katika onyesho la kuagana, Andrea ameshaondoka na mswada chini ya joho lake. Mzee aliyejihukumu muda mfupi uliopita ameketi anakula bata bukini aliyeletewa zawadi. Macho yake karibu hayaoni tena. Binti yake Virginia anakwenda dirishani, naye anamuuliza usiku ukoje.

“Mweupe,” anajibu binti.